Kompyuta Niliyomwonyesha Nafula

Alhamisi, Kakuma. Jua ni lilelile la jana na la juzi. Upepo ulianza saa tano ukaleta vumbi, ukatulia saa tisa. Sina furaha, sina huzuni. Niko tu.

Binti yangu ameniuliza swali leo asubuhi na hadi sasa, saa kumi na moja jioni, sijamjibu. Anataka jibu leo, kwa sababu kesho saa nne atasimama mbele ya darasa lake aeleze kazi ya baba yake. Swali lenyewe ni maneno matatu.

"Niseme nini, Baba?"

Kwa mtu mwingine lingekuwa swali rahisi. Mimi ni mtu wa mkono. Nachanganya simiti, nabeba karai, napandisha mawe, nashusha mbao. Ni miaka mitano sasa, kwanza Lodwar, halafu hapa Kakuma, ambako tunajenga madarasa mawili na vyoo. Lakini Nafula, aliye nyumbani karibu na Kimilili na mama yake, anajua kwamba baba yake anafanya kazi ya kompyuta ofisini.

Sikuwahi kusema hivyo kwa mdomo wangu. Nataka hilo liandikwe hapa, ingawa najua halinisaidii.

Ilikuwa hivi. Kibarua changu cha kwanza Lodwar kilikuwa kushusha kompyuta kutoka kwa lori na kuzipanga katika ofisi mpya. Tulipomaliza niliketi kwenye kiti kimoja cha kuzunguka, mwenzangu akanipiga picha mbele ya skrini. Ulikuwa mzaha. Nikaituma nyumbani. Mke wangu akaipeleka studio ikatolewa kubwa, akaitundika ukutani. Nafula alikuwa na miaka tisa. Akaanza kuwaambia watu. Mama yake akanipigia simu akicheka, "Baba Nafula, kumbe siku hizi wewe ni mtu wa ofisi!" Nami nikacheka. Tulidhani mtoto atasahau.

Hakusahau. Mimi nikaacha simu za video. Nikasema mtandao wa huku ni mbaya, na mara nyingi ni kweli. Nilipoenda nyumbani mara ya mwisho aliniuliza kuhusu mikono yangu, nikamwambia Turkana kuna ukavu, ngozi inapasuka. Hiyo pia ni kweli. Uongo wangu wote nimeujenga kwa vitu vya kweli. Tangu hapo zimepita Krismasi mbili bila kurudi.

Wiki tatu zilizopita akaniandikia: "Baba, mwalimu anataka kila mtu alete picha ya mzazi akiwa kazini. Hii ya ukutani ni ya kitambo. Nitumie mpya ya kompyuta yako."

Mtu mwenye akili angesema ukweli siku hiyo. Mimi nilianza kutafuta kompyuta.

Pale kwenye mjengo kuna moja tu, ya injinia, na sisi haturuhusiwi kuingia ofisini mwake na viatu vya simiti. Kwa hivyo nikafikiria kile kidude changu cha gemu.

Nilikipata kwa Achol. Ni mama kutoka Sudan Kusini, ana duka katika kambi ya wakimbizi, anachaji simu za watu na kuuza vitu vilivyotumika. Jumapili mbili nilimtengenezea sakafu ya duka, na badala ya malipo akanipa PSP, gemu ya kushika mkononi, ambayo nduguye alimtumia kutoka ng'ambo. "Ya fundi, chukua hii," alisema; huita kila mtu kwa "ya", Kiarabu cha kwao. "Mimi nimezeeka, nitacheza na nani?" Nilikichukua, kikakaa kwenye mfuko wangu wa nguo miezi mingi. Mimi pia sikuwa na hamu ya kucheza.

Lakini nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakiendesha Windows ya zamani ndani ya kidude kama hicho. Unaweka programu inayoiga mashine ya zamani. Kisha unaipa faili moja kubwa, ambayo kwa kweli ni diski nzima ya kompyuta, na Windows ikiamka ndani yake inaamini iko ndani ya kompyuta halisi. Kioo kizima hakizidi kiganja cha mtu.

Na ile Windows ya zamani mimi naijua. Ni kitu pekee cha shule ninachokijua sawasawa. Niliacha shule kidato cha pili, nikapata kazi ya kufagia chuo kimoja cha kompyuta Bungoma. Mashine zao zilikuwa kuukuu hata wakati huo. Mwalimu mmoja aliniruhusu kuketi kwenye ile ya pembeni wanafunzi wakienda kula. Karibu mwaka mzima niliketi pale saa ya chakula, fagio limeegemea ukuta. Nilijua kufungua faili, kuandika barua, kubadilisha rangi ya skrini. Nilidhani nitafika mahali. Halafu chuo kikahama, nami sikuhama nacho.

Lori lilipoenda Lodwar kuchukua vyuma, niliomba niende kupakia. Wenzangu walipokwenda kula, mimi nilienda saiba, duka la intaneti, kushusha lile faili. Yule kijana wa saiba aliangalia skrini, akaniangalia mimi. "Mzee, hii kitu ni mkubwa wangu kwa umri. Unaipeleka wapi?" Nikamwambia ni ya makumbusho. Faili lilichukua muda mrefu, dereva akapiga honi mpaka watu wakatoka madukani. Njia nzima hakunisemesha.

Mara ya kwanza iligoma. Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe, basi. Mara ya pili ikafika mbali kidogo, ikafa. Nilikuwa nimekosea herufi moja kwenye jina la faili. Kila jaribio lilikula mapumziko yote ya saa saba na zaidi, maana kidude hakina nguvu na ile programu inakifanyia kazi nzito. Nilikuwa nakiwasha, nakiweka kivulini chini ya turubai, nachanganya simiti raundi nzima, narudi kuangalia.

Siku ya sita niliporudi nikakuta mawingu. Windows ile ikiamka inaonyesha anga la buluu lenye mawingu meupe. Nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Ekai, mwenzangu ambaye ni mtu wa hapa hapa, aliinama akaangalia, akasifu kwa Kiturkana. "Ejok! Hii mvua iko wapi?"

"Iko ndani ya gemu."

"Basi mwambie injinia aweke gemu kwa tangi. Sisi tunangoja mawingu tangu mwaka jana, kumbe wewe umeyaficha kwa mfuko!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, au uso wangu ulicheka. Nilitarajia kusikia kitu moyoni. Nilikuwa nimeingoja hiyo picha siku sita, na kabla ya hapo miaka mingi. Sikusikia kitu. Ni kama vidole vyangu. Simiti imevila mpaka simu haitambui tena alama ya kidole changu, naifungua kwa namba. Nikishika kikombe cha chai sijui ni moto mpaka nione mvuke.

Siku iliyofuata nikafungua ukurasa wa kuandikia. Kidude hakina kibodi. Unasukuma kifungo, unachagua herufi moja, unangoja itokee, unatafuta nyingine. Niliandika NAFULA. Herufi sita, na msimamizi alikuwa anaita watu warudi kazini nilipomaliza A ya mwisho. Nikakinga skrini kwa mkono kwa sababu ya jua, nikapiga picha kwa simu karibu sana ili kingo za kidude zisionekane. Ionekane skrini tu, kama ya kompyuta kubwa. Nikaiangalia. Skrini, jina la mtoto, hakuna kingine. Jioni nikaituma.

Achol aliposikia nilichofanya alipiga makofi. "Ya fundi! Nilikupa kitu ya kucheza, wewe umeenda kuifanyia kazi?"

Hiyo ilikuwa kesho yake, Jumapili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kimya. Nikajua imekubalika. Sikujisikia vizuri wala vibaya. Nikala ugali nikalala.

Leo asubuhi, kabla ya kazi, simu ikalia mara tatu.

Ujumbe wa kwanza: "Baba, umekonda."

Sikuelewa. Nilifikiri amekosea mtu.

Wa pili ulikuwa picha yangu ileile, lakini ameikuza kona ya chini na kuizungushia mstari mwekundu. Jua la huku hufanya kioo chochote kuwa cha kunyolea. Ndani ya ile skrini, chini ya jina lake, nilikuwepo mimi. Kitambaa kimefungwa kichwani, kina vumbi. Mashavu yameingia ndani. Nyuma yangu wilbaro imelala kichwa chini na matofali yamepangwa. Niliiangalia picha ile mara ngapi kabla ya kuituma? Niliangalia kompyuta. Yeye alitafuta uso, kwa sababu ni muda mrefu hajauona.

Wa tatu: "Sijampa mwalimu bado. Naweza kukata hiyo kona. Niseme nini, Baba?"

Nikaweka simu mfukoni nikaenda kuchukua beleshi.

Nimefanya kazi siku nzima nikiwa na hayo maneno. Saa nne, wakati wa chai, nilimwonyesha Ekai. Alisoma polepole, midomo ikisogea.

"Mwambie wewe ni bosi wa wilbaro," akasema.

Sikucheka. Naye akaacha kucheka.

"Huyu mtoto hajakasirika," akasema. "Angekasirika ingekuwa rahisi."

Akarudi kwenye chai yake.

Hajakasirika, ni kweli. Nimeusoma ule ujumbe tena na tena, hakuna hasira hata neno moja. Ameona kila kitu, na kitu cha kwanza alichoandika ni kwamba nimekonda. Halafu akajitolea kukata kona. Nikisema kompyuta, atasimama kesho mbele ya watoto arobaini aseme kompyuta, huku akijua. Atasema vizuri, ana sauti nzuri. Na atakuwa ameingia ndani ya uongo ambao ni wangu, akiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu ananionea huruma.

Nilikuwa napandisha karai kwa ngazi nilipofika hapo kwenye mawazo. Nilisimama katikati ya ngazi. Fundi juu akapiga kelele, "Wewe, simiti inakauka!" Nikapanda. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kiliuma, hapa chini ya mbavu, na nilikitambua. Aibu. Karibu nishukuru.

Tumetoka kazini saa kumi. Nimeketi kwenye rundo la mawe, mgongo kwa ukuta wa darasa. Nimejaribu kurekodi sauti mara tatu nikafuta, kwa sababu sauti yangu ilikuwa inatafuta visingizio. Iliendelea kusema "unajua" na "lakini". Basi nimeandika. Nanakili hapa vile nilivyoandika, ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliandika vizuri zaidi:

"Nafula, usikate kona. Sema baba yako ni mtu wa mjengo. Anachanganya simiti. Sasa anajenga madarasa Kakuma na kabla ya hapo alikuwa Lodwar. Hajawahi kufanya kazi ya ofisi. Ile picha ya ukutani ulikuwa mzaha na mimi ndiye nilinyamaza, si mama yako. Wakiuliza hiyo skrini ni nini, sema ni Windows ya zamani ndani ya gemu, na aliiwasha yeye mwenyewe. Hiyo si uongo. Ukiona aibu kusema haya, mwambie mwalimu huna picha, mimi sitakasirika. Pole mama."

Nimeutuma kabla ya kuusoma mara ya pili.

Alama za buluu za kwamba umesomwa zilitokea papo hapo. Alikuwa ameshika simu. Nikahesabu mbuzi waliokuwa wanapita kuelekea laga, ule mto mkavu. Kisha:

"Sawa Baba. Umekula?"

Hakuna kingine. Sijui "sawa" hiyo ina nini ndani yake. Sijui kama atasimama na picha au atasema hana. Nilianza kuandika "nimekula", nikafika katikati, nikafuta.

Nikaandika: "Bado. Naenda sasa."

Kesho tunamwaga lenta ya darasa la pili, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Tutaanza saa tatu, na ikishaanza kumwagwa hakuna kusimama mpaka imalizike, hakuna chai wala simu. Saa nne yeye atakuwa mbele ya darasa na mimi nitakuwa juu ya jukwaa na karai begani, simu iko chini ndani ya koti.

Nitajua saa saba.