Mama Alipokwenda Kuonja Baridi Yako

Kimulot, Konoin
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kiplimo,

Chamgei! Hujambo huko Kanada? Na ule mgongo uliosema unakusumbua, umetulia? Sisi tuko wazima, Mungu ametuweka. Mvua imenyesha na majani ya chai ni mengi. Mama bado anachuma. Nikimwambia apumzike, ananiambia nipumzike mimi.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Unajua simu yako ikilia mama huvuta kiti karibu, na mambo mengine siwezi kuyasema akiwa pale. Chepkosgei wa mjomba Joab anakuja kusoma huko, ndiye nimempa aibebe.

Mwezi uliopita akina mama wa kanisa walipanga safari ya mbuga ya Mlima Elgon. Nilidhani mama atakataa, maana hata Kericho mjini huenda kwa kubembelezwa. Wapi! Alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Ati amesikia huko juu kuna baridi kama ya Kiplimo, na anataka kuionja.

Tulionyeshwa kwanza pango ambamo ndovu huingia usiku kuchimba ukuta na kulamba chumvi. Wengine walishika midomo. Mama alisema hata babu alikuwa akipeleka ng'ombe kulamba udongo wa chumvi, kwani ndovu wakose kwa nini? Halafu nikaona mbega juu ya miti, mikia myeupe inaning'inia, nikageuka nikuonyeshe. Haki nilikukosa pale.

Tukaanza kupanda kwa miguu, askari wa mbuga ametutangulia. Mara akageuka na kusema, "Akina mama, huku hakuna kuchuma!" Kumbe njia nzima tulikuwa tunachuma! Hii mikono ya chai ikipita karibu na kichaka haimuulizi mwenyewe. Mama akafungua ngumi yake: majani mawili na chipukizi, safi kabisa, ya kupeleka kituoni kupimwa kama chai. Tulicheka mpaka askari mwenyewe akakaa chini.

Juu, pale miti inapoishia, ukungu ulitushika na upepo ulikuwa mkali. Wote tulijifunika. Mama akavua sweta. Akavua na kitambaa cha kichwa. Nilimgombeza mbele ya watu, ee, nilimgombeza: unataka nimonia? Alisimama tu akitetemeka, kisha akaniuliza, "Na hii, yeye ako nayo miezi mingapi?" Nikamwambia karibu nusu mwaka. Nilimvika sweta kama mtoto, na mimi machozi yakanitoka.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Miaka saba hii, kila tukitoka kanisani, mama amekuwa akiniuliza unarudi lini. Swali hilo lilinichosha, na siku zingine nilimjibu vibaya. Tangu tushuke mlimani hajaliuliza tena. Anauliza tu kama umevaa vizuri. Nilidhani nitafurahi kupumzika. Kiplimo, ninaogopa. Naona ameanza kuzoea kwamba hutarudi.

Shangazi Janeffer wa Kapkatet anakusalimu sana. Jirani yetu Nyamusi pia, anasema yule ndama uliyemwacha sasa ni nyanya wa ndama wengine. Mochama na watoto wetu wanakusalimu, na huyu mdogo anakujua kwa picha tu.

Kwenye kifurushi kuna sweta ya kijani. Ndiyo ile mama aliyovua kule juu. Nilimwambia haitakutosha, akasema uivae hivyo hivyo. Mungu akufunike mahali sweta haifiki.

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, chai imeiva, na mama hajauliza. Basi nauliza mimi. Unarudi lini?

Wako akupendaye,
dada yako Chelangat