Lebo Nyekundu au Nyeusi kwa Bathidei ya Mzee Morgan?

Mpendwa mshauri Bi Nana,

Naomba msaada wako, kwanza nikusalimu wewe na jamaa zako wote wa Kibokoni, natumai hamjambo, mimi sijambo ila roho ndiyo haitulii, maana bathidei ya mkubwa wangu wa kazi inakuja mwisho wa mwezi ujao na mpaka leo sijajua nimnunulie chupa gani ya wiski, na mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijaonja pombe, naimba kwaya kanisani, mchungaji nikimwuliza jambo hili atanitoa kwenye kwaya, ndipo nikaona nikuandikie wewe unayewajibu watu gazetini kila Jumapili bila kumpendelea mtu.

Mimi ni kijana wa Machakos, ni karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, nimepanga chumba Tononoka, na mkubwa wetu ni Mzee Morgan, Mgiriama, mtu wa heshima sana, anakaa Kizingo kwenye nyumba kubwa yenye bustani, naye anatimiza miaka sitini. Karani mkuu wetu anastaafu, kiti chake kitakuwa wazi, na tunaokitazama ni wawili, mimi na mwenzangu Ronald, lakini Ronald si mtu wa kijicho, yeye ndiye aliyenifundisha kwamba wakubwa hawaendewi mikono mitupu, naye anawajua kwa sababu mamake ni wa huko huko Kaloleni wanakotoka kina Mzee Morgan, akaniambia, "Mpelekee chupa nyumbani kwake, si ofisini, umpe kwa mikono miwili mbele ya mkewe, na usiseme maneno mengi," nami Krismasi iliyopita ya mwaka 1995 nikafanya hivyo hivyo, nikanunua wiski ya Uskoti, maana tangu serikali ilipofungulia bidhaa za nje chupa hizi zimejaa madukani, nikavaa tai, nikaenda.

Bi Nana, nilipokewa mpaka nikashangaa. Mzee aliishika ile chupa, asiifungue, akaitazama pamoja na sanduku lake, akaniuliza, "Umetumwa, au umekuja mwenyewe?" Nikamjibu, "Nimekuja mwenyewe, mzee, kwa moyo wangu." Akacheka sana, akamwita mkewe, "Njoo umwone huyu, kaja mwenyewe!" Chupa ikawekwa juu ya kabati la vyombo, na mpaka leo ipo pale pale haijaguswa, jambo ambalo mimi nalichukua kuwa ni heshima. Mama naye akaniuliza baba yangu ni nani, tumezaliwa wangapi, na kama katika ukoo wetu kuna mwenye kifafa, nikajua hayo ni mambo ya bima ya matibabu ya wakubwa, nikajibu yote bila kuficha.

Tangu siku hiyo naalikwa chai Jumapili baada ya Jumapili, Ronald haalikwi, na wala halalamiki. Siku moja nilimkuta dadake mzee, ametoka Kaloleni makusudi kuja kunitazama, akaniambia nisimame, nigeuke, nitembee mpaka mlangoni nirudi, kisha akauliza kama ninakoroma, nami moyoni nikasema kampuni siku hizi inachuja watu kwelikweli. Chai huletwa na binti yao, Kadzo, mwalimu wa chekechea, ambaye zamani alikuwa akinipungia mkono tu akipita na suruali yake, lakini siku hizi huja amejifunga leso ya zambarau inayompendeza, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Juzi alipokuwa akinimiminia alisema kwa sauti ndogo, "Ile kazi ya Malindi nimeikataa. Ile ya kuwa mkuu wa shule." Sikujua kwa nini ananiambia mimi, lakini kwa adabu nikamwambia, "Umefanya vyema." Aliniangalia kwa furaha ambayo sikuielewa, mpaka kijiko kikamponyoka.

Basi wiki jana mzee akanishika bega akasema, "Sasa wewe si mtu wa ofisi tena. Siku ya bathidei yangu ndugu zangu wote watakuwapo. Njoo na wazee wako, na chupa ya pili. Ndipo tutakapoifungua ile ya kwanza." Nusura nilie, Bi Nana, maana nimeelewa kwamba kiti ni changu, kilichobaki ni kutangazwa. Wazee nimeshawapata, mtunza ghala wetu na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, wote wamekubali kuvaa suti.

Shida yangu ni hiyo chupa. Kuna yenye lebo nyekundu na kuna yenye lebo nyeusi, kuna iliyokaa kwenye pipa miaka minane na nyingine miaka kumi na miwili, sasa mzee anatimiza sitini, nikimpelekea kinywaji cha miaka minane si nitakuwa nimempelekea mtoto? Muuzaji alinisifia nyingine akasema ina ladha ya moshi, nikashangaa, kwetu chai ikiingia moshi tunaimwaga. Ronald anasema nichukue nyeusi, ndiyo ya kumalizia shughuli. Nipeleke ipi? Sanduku nilifunge utepe au utepe ni utoto? Nijibu upesi, kwa sababu mambo haya yakininyookea nitapata nyumba ya kampuni na mwezi wa Disemba nitafunga ndoa na mchumba wangu wa nyumbani, Loise. Naomba jina langu ulifiche.

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Karani wa Tononoka.

*

Karani wa Tononoka,

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa Mombasa ni kisiwa na habari haina pa kukimbilia.

Sasa nisikize. Mimi ni mwanamke wa Kibokoni, nimezaliwa humu na kuolewa humu. Tangu nianze kujibu barua nimeulizwa habari za wake wenza, za mawifi, za waganga, na za mume mmoja aliyehamia darini na redio yake. Wiski, wewe ndiwe wa kwanza. Ninachokijua mimi ni chupa tupu. Bibi yangu alikuwa akitilia samli zile za pembe nne, na marashi zile nyembamba, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza zimekaa kwenye pipa miaka mingapi. Kwa hivyo ukiniuliza nyekundu au nyeusi, mimi nitakuuliza shingo yake ni pana kiasi gani, kwa sababu samli ikiganda haitoki.

Lakini sikutaka kukujibu kwa kukisia. Nilimwita jirani yangu Mbeyu, Mgiriama, mama wa watu wazima, nikamsomea barua yako yote. Alianza kucheka pale ulipovaa tai. Nilipofika penye "umetumwa, au umekuja mwenyewe," akashika ukuta. "Kaposa, Bi Nana! Kijana kaposa na hana habari!" Nikaendelea kusoma, kifafa, kukoroma, suti ya mwenyekiti, machozi yakimtoka kwa kicheko. Kisha akaniambia nirudie pale pa Malindi. Nikarudia. Akasema, "Maskini mwana wa watu," na hakucheka tena mpaka alipoondoka.

Umeelewa, mwanangu, au bado unawaza utepe? Kijana asiye na mke amepeleka pombe nyumbani kwa mzee mwenye binti, akaitoa kwa mikono miwili mbele ya mama mtu, akasema amekuja mwenyewe kwa moyo wake. Hiyo ni posa. Haihitaji tafsiri. Mzee aliiweka juu ya kabati kwa sababu hainywi mpaka wazee wako waje waseme. Ile ya kifafa haikuwa bima. Yule dadake mzee hakupanda basi kutoka Kaloleni kuja kuchuja makarani. Na hao ndugu wanaokuja siku ya bathidei hawaji kula keki.

Ingekuwa tembo la mnazi ndani ya kibuyu, ungeshtuka mlangoni. Kwenu Machakos wajomba zako huzungumza habari ya binti ya mtu na koo zimekauka? Unajua vizuri sana hawazungumzi. Lakini hii ilikuwa ndani ya sanduku zuri, ina maandishi ya Kiingereza, imepanda meli kutoka Uskoti, basi ukaona haina mila, ni mambo ya ofisi. Mzee Morgan ana nyumba Kizingo na bustani, ukaona naye hana mila. Wewe peke yako ndiwe uliyedhani kwamba mtu akihamia Kizingo huacha kuwa baba wa binti.

Na huyo Ronald wako asiye na kijicho amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe umenunua wewe. Mamake ni wa Kaloleni, umesema mwenyewe. Alijua anakutuma kuposa. Hebu fikiri kidogo kama mtu anayetaka kuwa karani mkuu. Mzee mwenye heshima zake atamkalisha mkwewe kwenye kiti kikubwa, wafanyakazi wote wakitazama? "Wewe si mtu wa ofisi tena" maana yake ndiyo hiyo. Umepata ukwe, Ronald amepata kiti, na nina hakika umeshamshukuru zaidi ya mara moja.

Pole. Nasema pole na inanitoka moyoni, kwa sababu nia yako haikuwa mbaya, ilikuwa ndogo tu. Ulikitazama kile kiti mpaka watu wote waliokuwa chumbani ukawaona ni samani. Loise, ambaye unataka kumuoa, umempa nusu mstari mwisho wa barua, karibu na nyumba ya kampuni. Kadzo umempa leso ya zambarau, kiganja na kijiko. Mimi hapo sisemi kitu. Ukitaka kujiuliza, jiulize, lakini baada ya kuusafisha uchafu huu, maana mke hapatikani kwa kupotea njia ukienda ofisini. Na Loise ayasikie haya kwa kinywa chako kabla hajayasikia kwa mtu wa kwaya.

Haya, fanya hivi. Duka la wiski usilikaribie tena. Mwenyekiti wa chama mwambie avue suti, na mtunza ghala vilevile. Andika Machakos, aje baba yako au ami yako, mtu mmoja mzima anayejua kuomba radhi, na kama hawawezi kufika mapema, nenda kwa huyo huyo mchungaji unayemwogopa umweleze yote pamoja na wiski. Kwayani utarudishwa. Muende Kizingo siku ya kawaida, ndugu wa Kaloleni wakiwa bado kwao, mikono mitupu, na hapa Ronald asikufundishe kitu. Mwambie mzee, "Nilileta chupa kwa ajili ya kiti, sikujua kwamba nimeleta posa." Usimtafutie maneno matamu. Itamuuma kuliko unavyodhani, kwa sababu siku ile alipocheka hakuwa akikucheka, alikuwa amefurahi. Wakikutoza faini, toa. Wakikutukana, inama. Dadake mzee akitokea akakuambia utembee mpaka mlangoni, safari hii usirudi.

Chupa utarudishiwa, haijafunguliwa. Ibebe mkononi, bila mfuko, upite nayo mbele ya walinzi wote wa Kizingo mpaka ufuoni Mama Ngina, uimwage baharini. Usiiuze, usiifiche, na usimpe Ronald kumpongeza. Chupa tupu niletee mimi, samli yangu iko kwenye kopo.

Lakini yote hayo ni ya pili. La kwanza ni Kadzo, naye umwambie kabla ya baba yake, leo, ukimaliza kusoma gazeti hili. Omba ruhusa kwa mama yake mkae barazani, usimwambie jikoni amesimama na birika. Usimweleze habari ya kiti, hakuna mwanamke anayetaka kujua alishindana na kiti. Muulize habari ya Malindi. Muulize kama nafasi ile bado ipo, mwombe aandike barua nyingine, na uipeleke wewe mwenyewe, siku ya kazi, ukatwe mshahara, ukasimame mbele ya wenye shule useme kosa ni lako. Huenda watamrudisha. Huenda wameshapata mtu, na hapo sina ushauri wa kukupa.

Wiki zote hizi unahangaika na chupa, Karani, na chupa ya mzee bado imejaa. Kilichokwisha kunywewa ni kazi ya Kadzo, na wewe ndiwe uliyemwambia amefanya vyema.

Bi Nana