Sensa Iliyovikwa Mfuko

Nguvumali, Tanga
Jumapili

Dada Ruthi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mko wazima huko Lushoto, wewe na shemeji, na kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi huku hatujambo, ni joto tu linalotutesa.

Uliniuliza nafanya nini hasa kwenye mafunzo yangu. Kiwanda cha maziwa, dada, kimepangwa kama ghorofa. Chini kabisa ziko sensa, macho ya umeme yanayotazama maziwa yamefika wapi tangini. Juu yake kuna kompyuta ndogo ya kabatini inayoamuru pampu. Juu zaidi ni skrini anayokaa nayo Mjomba Rafaeli, na juu ya wote ni ofisi ya bwana Taizoon, meneja. Wa juu anajua kile tu alichoambiwa na wa chini.

Jumatano maziwa yalifurika sakafuni hadi mlangoni. Bwana Taizoon alimfokea mjomba kwamba alikuwa amelala. Mjomba akaapa kuwa skrini ilimwonyesha tangi tupu. Akaambiwa akafungashe. Mimi, unavyonijua, hata kusoma somo kanisani natetemeka. Lakini nilipanda juu ya tangi, nikakuta sensa imevikwa mfuko wa nailoni. Nikashuka nao, nikaeleza mbele ya wote, ghorofa kwa ghorofa kama nilivyokueleza wewe.

Mfuko ni wa Miraji, mwosha matangi, kijana wa Tongoni. Huifunika sensa isirukiwe na maji ya moto, siku hiyo akasahau kuufungua. Mjomba akabaki, Miraji akafukuzwa. Pale getini aliniita mwalimu, akaniuliza huku anacheka kama ghorofa zangu zote zile zimemwangukia yeye tu.

Dada, alisema kweli. Pampu inasukuma saa nzima na tangi bado tupu, inawezekanaje? Kompyuta ya kabatini ilipaswa kushtuka na kuizima. Haikufundishwa hivyo, na aliyeifundisha ni Injinia Anold, ambaye ndiye atakayesaini ripoti yangu. Nililijua hilo pale pale. Nikasema nusu, nusu nikaimeza. Safari hii haikuwa haya, dada. Niliogopa saini.

Kesho asubuhi naingia kwa bwana Taizoon kuisema nusu iliyobaki, Injinia akiwepo. Mjomba kanikataza, kasema sisi tumeshapona, nisichokoze nyuki. Nitakwenda. Nikirudi huko bila cheti, mweleze mama sababu kabla sijafika, maana mimi sitajua pa kuanzia.

Mbusu mtoto, na shemeji mpe heshima zangu.

Mdogo wako,
Lea