Shuka Juu ya Kompresa

Mjukuu wangu Elibariki,

Huku Karatu hatujambo, ila baridi inatubana. Shangazi yako amevuna maharage kule Daa, anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini mashine yako ya upepo, ile ya kufungulia nati za magurudumu, imekosa nguvu. Umesema pia unamshuku mkeo kaichezea. Niliposoma hapo niliona aibu, tena yangu mwenyewe.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, babu yako alikuwa na gereji hapa nyumbani. Kompresa, ile inayosukuma upepo kwenye mashine, ilikaa nyuma ya nyumba, swichi ikiwa huku mbele. Vumbi la barabara ya Ngorongoro lilikuwa likiingia hadi kwenye uji. Nikaihurumia kompresa, nikaifunika shuka langu.

Akaja dereva na wageni wanaowahi kreta kuona wanyama, gurudumu limepasuka. Babu akawasha. Mashine ikapiga mluzi, nati haikutikisika. Akatia tone la oili. Wapi! Akaupapasa mpira wa upepo kama unavuja, akaufuata hadi nyuma. Shuka lilikuwa limenyonywa, limeziba kichujio cha hewa, kompresa haipumui.

"Nani kaivisha shuka?" dereva aliyemfuata akauliza, wageni wakicheka.

"Mimi," babu akasema. "Nilidhani inasikia baridi."

Nilikuwa mlango wa nyuma nimeshika sufuria. Nikarudi jikoni.

Basi anza na kichujio, kisha toa maji kwenye tangi. Mkeo mwache kwanza.

Babu yako tulishamzika. Mafundi wazee wakipita hapa bado wanamcheka fundi aliyeivisha kompresa shuka. Nami huwamiminia chai tu.

Bibi yako