Kiti Alichokataa Kukiacha

Jumanne

Nimemwambia ukweli, yule msichana wa fiziotherapia anayefanya utafiti na sisi wachuma chai. Kwamba nikiinua kikapu mkojo unanitoka, ndiyo maana siku ya kuchuma sinywi maji.

"Kunywa, mama! Ni misuli tu imelegea. Tutaijenga na mazoezi, mpaka urukeruke kwenye kwaya bila kuvuja."

Nikacheka, halafu…

Misuli tu. Marehemu mama yangu alipoacha kwenda kanisani nilidhani amerudi nyuma kiimani. Nikaleta wamama wa maombi nyumbani. Nikamwambia asimame aombewe, akakatalia kitini. Nikamwita mwenye kiburi mbele ya wote.

Wageni walipoenda alikiosha kile kiti mwenyewe, mgonjwa hivyo. Nilimwona. Sikumwuliza.

Ee Bwana, hakuwa na kiburi. Mwambie nimejua.