Kiko Kilichorudi na Tundu

Mwanangu Sadiki,

Siku hizi hakuna anayejua mtu wake yuko wapi, kwa hiyo nimemwomba mchungaji asome barua hii kanisani, na anayekwenda sokoni aisome sokoni, na anayepanda Lemera huko milimani apande nayo. Asiyehusika atanisamehe. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa darasa la katekisimu, herufi zinaegemeana kama walevi. Soma polepole.

Kiko cha baba yako kimerudi nyumbani. Ninacho hapa mapajani. Kina tundu.

Nataka kukuuliza jambo moja tu kuhusu tundu hili. Lakini acha kwanza nikukumbushe, maana nikianza na swali sitaandika mengine.

Unakumbuka baba yako akitoka ziwani? Hata wavu hajautua begani, anapiga kelele mlangoni: «Kiko iko?» Na weye, meno ya mbele hayajaota, unajibu toka jikoni: «Kiko iko!» Halafu mnacheka nyinyi wawili kama vile hamjawahi kusikia neno hilo. Majirani wote wa mtaa wetu wa Kilibula walikuwa wanatuiga. Mchungaji naye akipita ananiona nimekaa na moshi wangu, ananiambia: «Mama Sadiki, mbinguni hakuna tumbako.» Namjibu: «Ndiyo maana ninavuta hapa hapa, Baba Mchungaji.»

Baba yako alichonga viko vyetu kwa mizizi ya mti mgumu aliyoletewa na watu wa milimani. Aliitundika juu ya mafiga kiangazi kizima, pamoja na ndagala zetu. Nikamlalamikia: «Sasa minye navuta tumbako ao navuta samaki?» Akasema: «Vuta, mama, ni mboga na tumbako pamoja.»

Halafu uhuru ukafika, na weye ukataka kunichongea kiko chako cha kwanza. Hukungoja mti ukauke. Ulisema: «Mama, Wabelji wanaenda, weye utavuta kiko ya zamani?» Nikakitia mdomoni kwa furaha, nikaenda nacho kwenye ngoma. Kililia ndani, ssss, kama sufuria iliyomwagika motoni. Baba yako akanishika mkono, akaweka kidole changu chini ya kichwa cha kiko.

«Unasikia?»

Kilikuwa cha moto kama tumbo la mtoto mwenye malaria. Nikakigeuza, nikakitazama. Kizuri, chekundu, kinang'aa. Macho yangu hayakuona kitu.

«Inaungua,» akasema. «Inaanzia ndani. Kidole inajua mbele ya macho.»

Kabla ya Jumapili doa jeusi likatokea ubavuni, dogo kama punje ya mtama. Halafu doa likafunguka, kaa la moto likaanguka kwenye kitenge changu kipya, nikaruka, na watu wakadhani nacheza ngoma. Tulicheka, Sadiki. Hata weye ulicheka, ingawa uliona haya.

Lakini baba yako hakucheka sana. Alikukalisha akakueleza. «Muti mubichi ukipata moto, maji inatoka mbio, inaacha nyufa, na moto inafuata nyufa. Na kiko mupya, hata ikiwa kavu, iko uchi. Unaivuta nusu tu, polepole, mpaka ivae ukoko ndani. Ukoko ndiyo nguo yake. Mwenye kuvuta mbio anaichoma. Mwenye kuvutia mu upepo, upepo inavuta pamoja naye. Na mwenye kukwangua na kisu, anaivua nguo yake yote.» Akakupiga kidogo kichwani. «Weye, Sadiki, una haraka kama uhuru.»

Kifua kilipomchukua baba yako, kiko chake kikawa chako. Hukukigusa kwa kisu hata mara moja. Ulikisafisha kwa unyoya wa kuku, ukipitisha taratibu kama unayemsafisha mgonjwa sikio. Nilikuuliza kwa nini unajisumbua hivyo. Ukasema: «Mama, hii ukoko ni moshi ya baba. Nikiikwangua, nitakuwa nimekwangua nani?»

Neno hilo nimelala nalo tangu kiko kirudi.

Siku ulipoondoka na vijana kwenda vitani unaikumbuka kuliko mimi, au umeisahau, sijui. Waganga walikuwa wamewamwagia dawa. Uliniambia kwa mbali: «Mama, masasi ya bunduki itageuka maji.» Nikatazama kifua chako, kile nilichokisugua kwa mafuta ya mawese ulipokuwa na kikohozi, nikaona ngozi ni ile ile, nyembamba. Na masharti yenu nilikuwa nimeyasikia, kwamba msiguswe na mwanamke, msigeuke nyuma, maana dawa itakufa. Mkapita asubuhi mbele ya nyumba, mnaimba. Nikaona umesahau kiko dirishani. Nikaita, «Sadiki!» Shingo yako ilikaza, niliiona. Hukugeuka.

Nikapitia uani kwa jirani, nikaruka sombe zake za mihogo, nikatokea mbele yenu njiani nikihema. Vijana wakapiga kelele: «Mama, ondoka! Utatuua!» Sikukugusa. Niliweka kiko juu ya jiwe, nikarudi nyuma. Ukainama ukakichukua. Nikasema haraka haraka, maana ndiyo maneno yaliyokuja: «Usivutie ku upepo. Usikwangue.» Ukasema, «Ndiyo, mama,» macho yakiwa mbele. Mkapita. Hayo ndiyo ya mwisho niliyoyasikia kwa kinywa chako.

Sasa juzi amekuja mfugaji mmoja kutoka milima ya juu, ameshuka na siagi, amekuwa akiuliza njia nzima nyumba ya mama mwenye kuvuta kiko. Akanipa. Nikamuuliza:

«Nani amekutuma?»

«Kijana moja.»

«Jina?»

«Hakusema, mama. Walikuwa wengi, na njaa.»

«Uso yake iko namna gani?»

«Walikuwa wamepaka majivu wote.»

«Na alisema nini?»

«Alisema, mwambie mama: mwenye kiko iko muzima.»

Nikamkaribisha ugali, akala, akaenda. Alipoondoka ndipo nikasikia lile neno vizuri. Mwenye kiko. Kwa nini hukusema «minye niko muzima»? Mtu akijitaja mwenyewe kwa mama yake, anasema «mwenye kiko»? Na kwa nini hukumpa yale maneno yetu mawili, ambayo hata mtoto wa Kilibula angeyabeba?

Nikakitazama kiko. Tundu liko ubavuni, upande upepo unakopiga. Hilo ninaweza kulisamehe, huko juu mnalala nje. Lakini ndani, Sadiki, ndani ni kweupe. Kimekwanguliwa kwa kisu mpaka kwenye mti. Mistari ya kisu ninaiona, naipitishia kidole. Ukoko wote wa baba yako umekwisha.

Basi swali langu ni hili. Ni mkono wako?

Kama ni wako, sitagomba. Nitajua tu kwamba huko uliko kuna kitu kimekukwangua na weye, na bado nakutaka, hivyo hivyo. Kama si wako, basi kuna kijana mwingine aliyekaa na kiko chako akakivuta mbio kwa woga, halafu akamhurumia mama asiyemjua. Kijana huyo, ikiwa barua hii inasomwa mbele yako, weye pia ni mwanangu, niambie umekipata wapi. Sitalia mbele za watu.

Huku mji una joto ambalo macho hayalioni. Ndagala zimeanikwa na hakuna anayenunua. Wanasema askari wa serikali wanashuka bondeni na Wazungu wa kukodiwa, na mchana tunaona moshi upande ule. Majirani wanavuka ziwa. Wamenipa nafasi mtumbwini, nimekataa. Nitaelekea Makobola kwa shangazi yako, kwa miguu, ili nisitoke kwenye njia unayoweza kupita.

Mzizi wa mwisho wa baba yako nimeushusha kutoka juu ya mafiga. Umekauka kabisa, ukiugonga unalia kama mfupa. Nimeufunga katika kitenge kile chenye tundu. Ni wako, uje uuchonge bila haraka.

Ukiwa mzima nitumie maneno mawili tu, kwa mtu yeyote: kiko iko. Na ukinipita njiani usinione, nitakuita kutoka nyuma. Magoti yangu hayawezi tena kukimbia nitokee mbele yako. Dawa na ife, Sadiki. Nikikuita, geuka.

Mama yako, mwenye kiko kwa sasa.