Usilete Mwiko

Jumamosi, saa tisa alasiri. Upepo unavuma kutoka upande wa Isinya na vumbi limeingia hadi ndani ya kabati zilizobaki tupu. Zimesalia siku kumi tusafiri. Nimekaa juu ya sanduku kwa sababu viti vimeshapata wenyewe, na sina raha.

Nitaandika ukweli, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua kwa sura.

Sina raha kwa sababu ya mwiko.

Mke wangu Nekesa yuko Kanada, mwaka wa pili sasa, anatunza wazee. Mimi na binti yetu Neema, mwenye miaka kumi na mmoja, tunamfuata. Kila mmoja wetu anaruhusiwa masanduku mawili, kilo ishirini na tatu kila moja, na miaka kumi na mitatu ya ndoa inatakiwa ienee humo. Alhamisi Nekesa alinitumia ujumbe wa sauti kuhusu vitu vya kubeba. Omena iliyokauka vizuri. Unga wa wimbi. Albamu ya picha za harusi. Shuka mbili za Kimaasai, zile nzito. Sufuria tusibebe, vikombe tusibebe. Halafu akaongeza harakaharaka, "Na usilete mwiko. Mwiko niko nao."

Nimeusikiliza ujumbe huo mara sita.

Muda wote huu Nekesa ameniambia hapiki ugali. Zamu hazimpi nafasi, anakula mkate na wali, na hana hamu ya kusonga ugali wa mtu mmoja. Juzi tu alisema ugali wake wa kwanza kule atausonga siku tutakayofika. Sasa mtu asiyepika ugali ana mwiko wa nini? Mwiko haununuliwi kwa kupita tu dukani. Mtu hununua mwiko akiwa na wa kumsongea.

Mimi nimekuwa mtunza stoo kiwandani, Athi River, kwa miaka kumi na minne. Kazi yangu ilikuwa kushuku. Fundi akiniambia boliti zimeisha, niliinuka nikaenda kuangalia mwenyewe. Dereva akinisalimia kwa uchangamfu kuliko jana, nilimwambia afungue buti. Tabia hiyo imetulisha, siikatai. Lakini kazi niliiacha wiki mbili zilizopita, na tabia nikarudi nayo nyumbani.

Basi nikaanza kumpekua Nekesa, huku yeye yuko ng'ambo. Tukiongea kwa video hukaa sebuleni, ukuta mweupe nyuma yake. Jikoni hajawahi kunionyesha. Jana nilimwomba, nikasingizia kwamba nataka kujua kama meko ni ya gesi au ya stima. Akacheka.

"Baba Neema, utaiona ukifika. Kwani unakuja kupika?"

Nikacheka pia. Moyoni sikucheka.

Asubuhi ya leo mwenye nyumba wetu, Mama Nashipae, amekuja na kibuyu kidogo cha maziwa kilichoshonewa shanga. "Mpelekee Mama Neema," akasema. "Nilimwahidi. Lakini usioshe na sabuni, iko na moshi ya mti yetu ndani. Hiyo ndio hufanya maziwa inukie."

Nikamuuliza alimwahidi lini.

"Si huwa tunaongea kila Jumapili, tukitoka kanisa."

Kila Jumapili, na mimi sijui. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi geti, kisha nikarudi nikachungulia ndani ya kibuyu. Hakukuwa na kitu, ni harufu ya moshi tu.

Lakini aibu yangu kubwa si hiyo.

Dada yangu Selina ndiye aliyekaa nasi tangu Nekesa aondoke, na ndiye aliyekuwa akitupikia. Mwezi uliopita alipata nyumba yake Nkoroi. Nilimpa kitanda chetu kikubwa, meko ya gesi na ile sufuria ya kupikia wageni wengi. Nekesa alifurahi, akasema nina moyo mwema. Sikumwambia maneno niliyomwambia Selina wakati tunapakia vitu kwenye pikapu. Nilimwambia, "Niwekee tu. Siku nikirudi nitavichukua." Wakati huo hata habari ya mwiko sikuwa nayo. Niliweka tu kitanda mahali, ikiwa nitakuta huko mambo ambayo sikuambiwa.

Leo baada ya chakula cha mchana (chapati na ndengu za kibandani, ndizo tunazokula tangu Selina ahame) nikaamua. Nitaubeba mwiko wetu kimyakimya. Tukifika nitautoa, niuweke mezani kando ya huo wake, niuangalie uso wake.

Mwiko wetu haukununuliwa na sisi. Kwetu Bungoma, Nekesa alipoolewa alipikia kwanza katika jiko la marehemu mama yangu, kukhu wake Neema. Siku mama aliporidhika, alimpa jiko lake mwenyewe na akamkabidhi mwiko huo mbele ya shangazi zangu. Ni mzito, wa mti wa kwetu, na una alama nyeusi ubavuni ulipoungulia motoni. Nikamwita Neema aniletee.

Akaleta mwiko mweupe, mwembamba.

"Si huu," nikamwambia. "Ule wa kukhu. Ule uliungua."

"Ule mama alienda nao."

Nikamuuliza lini.

"Siku ile alienda. Aliufunga na leso akaweka chini kabisa. Akaniambia nisikwambie, ati utautoa juu ya kilo." Akauangalia ule alioushika. "Huu ni wa anti Selina, alinunua hiyo wiki tu. Baba, kwani hukuwa umeona?"

Sikuwa nimeona. Karibu miaka miwili nimekula ugali wa mwiko mwingine na sikujua. Nilijua kilichokuwa kwenye kila rafu ya stoo ile, hata taa zikizimika. Jikoni kwangu sikujua chochote. Kwetu mwanamume haingii jikoni, na desturi hiyo niliishika sana kwa sababu inapumzisha.

Ndipo nikaikumbuka mizani. Siku ile ya safari yake niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jamaa wa bucha, nikapima masanduku yake hapa hapa sebuleni. Moja lilizidi kidogo. Nikalifungua, nikatoa viatu vyake vyekundu vya kanisani, nikatoa na blanketi ndogo, nikapima tena hadi mshale ukakaa sawa. Nekesa alisimama pembeni amekunja mikono, kimya. Nilidhani ananishukuru moyoni. Kumbe alikuwa anaomba nisifike chini.

Alinificha mwiko, naam. Alinificha kwa sababu mimi ni mtu wa kufichwa vitu.

Niseme na hili. Hata baada ya kusikia hayo, kwa dakika chache akili yangu ilijaribu tena. Ikaniuliza, mwanamke anayeondoka na mwiko aliokabidhiwa na mama mkwe si amehama kabisa? Si alijua harudi? Nikatembea kutoka dirishani hadi mlangoni nikilifikiria jambo hilo, na hatua zinasikika kwa sababu nyumba haina kitu tena. Nikatazama mahali kitanda chetu kilipokuwa. Sakafu pale bado ni safi kuliko kwingine.

Yeye aliondoka na mwiko wa mama yangu. Mimi nimebaki na kitanda Nkoroi cha kunisubiri nimwache.

Nimeona haya. Sina neno jingine.

Nimempigia Selina. Nikamwambia, "Kile kitanda ni chako. Na meko, na sufuria. Sitakuja kuvichukua."

Akauliza polepole, "Kwani hiyo kitanda iko na shida gani?"

Sisi ni watoto wa mama mmoja.

Vile viatu vyekundu nimevipata juu ya kabati, ndani ya mfuko wa karatasi. Nimevipangusa vumbi nikaviweka katika sanduku langu, na kibuyu cha Mama Nashipae nimekizungushia shuka nzito kisivunjike. Huenda sanduku limezidi. Mizani bado iko kwa jamaa wa bucha na sijaenda kuiazima.

Kuhusu jiko la Kanada sitauliza tena. Labda mwiko umetundikwa ukutani na hakutaka niuone. Labda kuna jambo jingine. Nitaliona nikifika, kama alivyosema.

Kule kwake kumeanza kupambazuka. Akiamka tu nitampigia, na kabla hatujaulizana hali nitamwambia habari ya kitanda.